Waarmenia wa Artsakh: maswali mnayoniuliza mara kwa mara

Naishi Yerevan, mji mkuu wa Armenia, tangu 2018. Nilikuja kusoma, nikapata kazi, nikabaki. Ndugu na marafiki walioko Tanga, Mombasa na Muscat wananiuliza mambo yaleyale kuhusu majirani zangu waliotoka Artsakh, sehemu ambayo kwenye taarifa ya habari mnaisikia kwa jina la Nagorno-Karabakh. Nimeyakusanya maswali hapa, maana ujumbe wa sauti wa dakika mbili hauwatendei haki watu hawa.

Artsakh ni wapi hasa?

Ni nchi ya milima na mabonde kusini mwa Kaukazi, mashariki ya Armenia. Kwenye ramani ya kimataifa iko ndani ya Azerbaijan. Nilikwenda mara moja, Agosti 2019, kwa marshrutka, gari ambalo mtu wa daladala au matatu halimpi shida kulielewa: viti vichache, abiria wengi, mizigo mapajani. Safari ilichukua kama saa sita kupitia mji wa Goris, kisha ile barabara ya Lachin yenye kona zisizokwisha. Viza walinipa kwenye karatasi ya pembeni isiyobandikwa katika pasipoti, kwa sababu Azerbaijan ilikuwa inawapiga marufuku wageni wanaoingia huko bila idhini yake.

Mbona majina ni mengi?

Kwa sababu ugomvi umeingia mpaka kwenye majina. Artsakh ni jina la kale la Kiarmenia. Nagorno ni Kirusi, maana yake "ya milimani". Karabakh ni mchanganyiko: "kara" ni nyeusi kwa Kituruki, "bakh" ni ile "bagh" ya Kiajemi, bustani. Bustani nyeusi. Mji mkuu Waarmenia wanauita Stepanakert, kwa kumkumbuka mwanamapinduzi Stepan Shahumyan. Waazeri, yaani watu wa Azerbaijan, wanauita Khankendi. Mji wa juu ya genge ni Shushi kwa hawa na Shusha kwa wale. Ukitamka jina moja, mtu ameshajua umekaa upande gani. Mimi nasema Artsakh kwa sababu ndivyo wanavyosema kwao watu ninaoishi nao ngazi moja.

Ardhi ni ya nani?

Hili huwa swali la kwanza la kila mtu, na nimeliweka la tatu makusudi. Mkianza nalo, watu wenyewe hamwaoni tena.

Mwaka 1923 serikali ya Kisovieti iliifanya Nagorno-Karabakh kuwa mkoa wenye mamlaka yake ya ndani, lakini ikauweka chini ya Azerbaijan, ingawa wakazi wake wengi walikuwa Waarmenia. Sensa ya 1989 ilihesabu watu wapatao 189,000, na zaidi ya robo tatu walikuwa Waarmenia. Februari 1988 baraza la mkoa liliomba uhamishiwe Armenia. Siku chache baadaye Waarmenia waliuawa na makundi ya watu katika mji wa Sumgait, karibu na Baku, mji mkuu wa Azerbaijan, na tangu hapo hakuna aliyeweza kuuzima moto. Mwaka 1991 Waarmenia wa mkoa walitangaza uhuru na kuupigia kura. Vita kamili vikafuata mpaka silaha ziliponyamazishwa Mei 1994.

Waarmenia walishinda vita vile, na hapa nisiposema upande wa pili nitakuwa mwongo. Mbali na mkoa wenyewe, walishika wilaya saba za kandokando, nyingine nzima, nyingine sehemu. Mamia ya maelfu ya Waazeri walipoteza makazi. Mji wa Agdam ulibaki magofu. Huko Khojaly, Februari 1992, mamia ya raia wa Kiazeri waliuawa wakikimbia. Familia zao zilikaa zaidi ya miaka 25 kwenye mabweni na makazi ya muda, zikiwasimulia watoto juu ya mkomamanga uliobaki uani. Uchungu huo ni wa kweli, na Mwarmenia mkweli hukiri.

Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha maazimio manne mwaka 1993 kuhusu vita hivyo. Hakuna nchi hata moja mwanachama wa Umoja wa Mataifa iliyoitambua Artsakh kuwa dola, hata Armenia yenyewe. Kwa hiyo mwenye ramani ana hoja yake, na mwenye makaburi ya mababu wa karne nyingi ana yake. Mimi sikujaliwa kuwa hakimu. Ila najua nani alikuwa analala wapi, na nani leo halali pale.

Watu wa Artsakh ni Waarmenia tu, au ni watu wengine?

Ni Waarmenia, tena wengine watakwambia wao ndio Waarmenia zaidi ya wote, kwa sababu milima iliwahifadhi. Wakati tawala za Uajemi na Uturuki zilipokuwa zinapokezana nchi za chini, huku juu walibaki machifu wa Kiarmenia watano waliojitawala mambo ya ndani. Waliitwa "melik", na himaya zao tano kwa pamoja ziliitwa Khamsa. Mswahili anayehesabu hamsini hahitaji kuelezwa neno hilo limetoka wapi.

Lakini lahaja yao ni kitu kingine. Mtu wa Yerevan akiwasikiliza mabibi wawili wa kijijini Artsakh wakiteta, anaweza kuambulia nusu tu. Kiarmenia sanifu huweka mkazo kwenye silabi ya mwisho ya neno. Lahaja ya Artsakh huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili! Nilipojifunza Kiarmenia kwa lafudhi yangu ya Tanga, mwalimu alikuwa ananirekebisha kila siku, ila watu wa Stepanakert walicheka wakasema mimi ndiye ninayeongea vizuri.

Wana mcheshi wao wa kale, Pele Pughi, aliyekuwa kwenye baraza la Melik Shahnazar wa Varanda katika karne ya 18. Visa vyake vinasimuliwa mpaka leo, na aliyekulia na hadithi za Abunuwasi atamjua mara moja: maskini mwenye ulimi, anayemwambia mkubwa ukweli kwa njia ya mzaha. Vinasimuliwa kwa lahaja tu. Ukivitafsiri kwa Kiarmenia cha Yerevan, utamu unakwisha.

Waarmenia wengine huwatania watu wa Artsakh kwa ukaidi, wakiwafananisha na punda. Wenyewe hawakasiriki. Nilishasikia mzee mmoja akisema kama si ukaidi wasingekaa milimani kule hata karne moja.

Kuna maneno tunayoshirikiana nao?

Yapo machache, kwa sababu sote tulikopa Uajemini na Uarabuni. Bustani kwao ni "bostan", sukari ni "shakar", alama ni "nshan" (sisi tuna nishani), na tanuri la udongo lililochimbiwa chini ni "tonir". Soko kwao ni "shuka", lakini kufanana na shuka letu la kitandani kumesadifu tu.

Siku za kawaida walikuwa wanaishije?

Nitawaambia nilichokiona. Soko la Stepanakert lilikuwa limeezekwa juu, na mara ukiingia harufu inayokupokea ni ya majani mabichi. Wanawake wamepanga meza ndefu. Mmoja anachambua majani, mmoja anakatakata, mmoja anasukuma unga mwembamba kama chapati ya maji, anaujaza majani yale kifurushi kizima, anaukunja kama mtu anayefunga bahasha, anaubonyeza kwa viganja na kuutandika juu ya bati la moto. Hiyo ndiyo jingalov hats, mkate wa majani, na ukitaka kumtia mtu wa Artsakh machozi leo, mtajie hiyo kabla ya kutaja vita. Majani huwa zaidi ya kumi, wengine wanafikisha ishirini, mengi ni ya porini. Kila mwanamke anayo hesabu yake, na ya mwenzake hukosa kitu.

Nje ya mji, kwenye kilima, ipo sanamu ya mawe mekundu ya tufu ya bibi na babu waliochomoza vichwa kutoka ardhini. Aliichonga Sargis Baghdasaryan mwaka 1967, na jina lake rasmi ni "Sisi ni milima yetu", lakini watu wanaiita Tatik na Papik, yaani Bibi na Babu. Haina miguu. Dereva wetu alinieleza bila kuulizwa: miguu iko ndani ya ardhi.

Mengine yalikuwa maisha ya mji mdogo wa kawaida. Walitumia dram, sarafu ya Armenia. Walikuwa na bunge lao, chuo kikuu chao, na bendera ya Armenia iliyoongezewa mchoro mweupe wa ngazi unaotoka kwenye mazulia. Watoto wa kiume waliingia jeshini miaka miwili, na hapakuwa na nyumba ambayo picha ya kijana mwenye sare haikutundikwa ukutani, wengine hai, wengine wamekufa. Baba wengi walitafuta riziki Urusi na kutuma fedha. Mwezi wa Juni forosadi zikiiva, watu hutandika shuka chini ya mti na kuutikisa, watoto wanarudi nyumbani vidole na midomo ya zambarau, na kinachobaki kinachemshwa kuwa asali nzito au kinageuzwa pombe kali ambayo wanaamini hutibu kila kitu.

Walikuwa na timu ya mpira?

Walikuwa nayo, ila FIFA haikuwatambua. Walicheza na CONIFA, shirikisho la timu za watu na maeneo yasiyo ndani ya FIFA, na Juni 2019 Stepanakert iliandaa kombe lao la Ulaya. Watu wa Barawa, wenye Chimwini chao kilicho ndugu wa Kiswahili, ndio walioandaa kombe la dunia la CONIFA huko London mwaka 2018. Na Wazanzibari, mliopewa uanachama wa CAF Machi 2017 ukafutwa baada ya miezi minne tu, mnajua ladha ya kuwa na jezi, wimbo na mashabiki bila kiti mezani.

Dini yao ni ipi?

Kanisa la Kitume la Armenia, lililo kundi moja la imani na makanisa ya Wakopti na Waethiopia. Noeli yao ni Januari 6. Kwao Artsakh monasteri ya Amaras ina heshima ya pekee: mapokeo yanasema Mesrop Mashtots, aliyebuni herufi za Kiarmenia mwanzoni mwa karne ya 5, alifungua pale shule ya kwanza ya herufi hizo. Kwa hiyo mtu wa Artsakh akisema "kusoma kumeanzia kwetu", anamaanisha hivyo hasa. Gandzasar, ya karne ya 13, ndiyo waliyopenda kufungia ndoa.

Ilikuwaje 2020?

Septemba 27 vita viliwaka upya, vikaenda siku 44. Azerbaijan ilikuwa na mafuta, ndege zisizo na rubani na msaada wa Uturuki. Kanisa kuu la Ghazanchetsots, Shushi, lilipigwa mara mbili siku moja, Oktoba 8. Usiku wa Novemba 9 kuamkia 10 walitia saini kusimamisha mapigano: Waarmenia wakapoteza Shushi na zile wilaya zote, Urusi ikaleta walinda amani 1,960, na njia pekee ya kwenda Armenia ikabaki barabara ya Lachin. Huko Kelbajar, wilaya mojawapo iliyorejeshwa, watu walichoma nyumba zao wenyewe na wengine wakafukua mifupa ya ndugu zao wakaondoka nayo.

Ile miezi ya kuzingirwa walikula nini?

Desemba 12, 2022, watu kutoka Azerbaijan waliojiita wanamazingira waliifunga barabara ya Lachin. Aprili 2023 Azerbaijan ikaweka kizuizi chake rasmi kwenye daraja la barabara hiyo. Katikati ya Juni hata magari ya Msalaba Mwekundu yakakwama. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikuwa imeshaiamuru Azerbaijan, Februari 2023, ihakikishe watu na mizigo vinapita. Havikupita.

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu, bibi kutoka kijiji cha wilaya ya Martuni, alikuwa huko miezi yote tisa. Namwita tatik, naye ananiita "bala jan", mwanangu mpenzi. Anasema mwanzoni walicheka, wakasema itapita wiki mbili. Januari zikaja kuponi: mchele, sukari, mafuta ya kula, kila mtu kipimo chake. Gesi ikakatwa. Umeme ukawa wa mgao, na kwa kuwa waliutegemea bwawa la Sarsang, maji ya bwawa yakashuka mpaka ukingo mzima ukaonekana. Kiangazi petroli iliisha kabisa. Mkwewe alitembea kilomita nyingi kupeleka maziwa ya mtoto. Foleni ya mkate ilianza usiku, watu wakisimama gizani wakisubiri duka la mikate lioke.

Majani ya porini hayakuhitaji kuponi. Tatik alipanda kilimani kila asubuhi na wajukuu, akarudi na kapu. Unga ndio ulikuwa unapungua, basi akawa anausukuma mwembamba zaidi, na zaidi. "Mwishowe," aliniambia, "nilikuwa nikiuinua naona mkono wangu upande wa pili."

Walifukuzwa au waliondoka wenyewe?

Azerbaijan inasema waliondoka kwa hiari, na kwamba waliotaka wangebaki kama raia wake. Bunge la Ulaya, Oktoba 2023, lilisema hali ile ni sawa na kuwafuta watu wa kabila moja katika eneo lao. Mimi nitawapa mfuatano, mpime wenyewe.

Septemba 19, 2023, mchana, watoto wakiwa shuleni, mizinga ilianza. Siku ya pili uongozi wa Artsakh ulikubali kuweka silaha chini. Septemba 24 magari ya kwanza yakavuka kuingia Armenia. Septemba 25, watu wakiwa kwenye foleni ya petroli ya kuondokea, ghala la mafuta karibu na Stepanakert lililipuka, na zaidi ya watu 200 walikufa. Septemba 28 rais wao, Samvel Shahramanyan, alitia saini amri ya kuvunja taasisi zote za jamhuri mpaka kufikia Januari 1, 2024. Ndani ya wiki moja hivi zaidi ya watu 100,000 walikuwa wamehama. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliofika Oktoba 1 ulielezwa kwamba waliobaki ni kati ya 50 na 1,000.

Kwa njia ile ya saa mbili kwenda Goris, wengi walitumia saa 30 na zaidi. Gari la mwanawe tatik lilikuwa na watu wanane. Mwanawe akasema tusichukue vitu, tuchukue watu. Tatik alipanda na kibao chake cha kusukumia unga, akakiweka mapajani, akakataa kukishusha. Albamu ya picha ilibaki kabatini, na hilo mpaka leo hataki kuliongelea. Kibao kiko jikoni kwake. Kina alama ya duara la sufuria ya moto ambayo mumewe aliiweka juu yake kimakosa miaka mingi nyuma.

Sasa wanaishi wapi, na kwa kitu gani?

Wengi wako Yerevan na miji ya jirani kama Masis, wengine mikoa ya Ararat, Armavir na Kotayk. Si haba waliokwisha kwenda Urusi.

Walipofika, serikali ya Armenia iliwapa dram 100,000 kila mtu mara moja, kisha dram 50,000 kila mwezi, yaani 40,000 za kodi ya nyumba na 10,000 za umeme, maji na gesi. Ni kama dola 125. Tatizo ni kwamba kodi za Yerevan zilikuwa zimeshapanda tangu 2022, Warusi walipomiminika kukwepa vita vya Ukraine. Familia ya watu sita iliweza kuunganisha posho na kupanga vyumba viwili. Bibi aliye peke yake hakuweza. Aprili 2025 posho iliondolewa kwa watu wengi wenye umri wa kufanya kazi. Upo pia mpango wa nyumba, wa dram kati ya milioni 3 na milioni 5 kwa kila mtu kulingana na mahali unaponunua, na vijiji vya mpakani ndivyo vyenye kiasi kikubwa. Kwa hiyo mtu aliyekimbia mpaka mmoja anashawishiwa akaishi kwenye mwingine, tena anayeutaka mpango sharti kwanza awe raia wa Armenia.

Mwalimu anauza dukani. Mkulima aliyekuwa na ng'ombe na mizabibu analinda jengo usiku. Vijana wanaendesha teksi, na utawajua kwa lahaja wakipokea simu ya mama. Wanawake wengi wamefungua vibanda vya jingalov hats, na siku hizi Yerevan unaupata mkate huo karibu kila mtaa.

Ni Waarmenia, wako Armenia. Inakuwaje waitwe wakimbizi?

Hili linawauma kuliko wanavyosema. Miaka yote walibeba pasipoti za Armenia, zilizofanana na za Yerevan isipokuwa namba 070 sehemu ya mamlaka iliyoitoa. Walisafiri nazo, wakajiona raia. Oktoba 2023 serikali iliamua kwamba pasipoti zile zilikuwa hati za kusafiria tu, zisizomaanisha uraia, na ikawapa ulinzi wa muda kama wakimbizi. Anayetaka uraia anauomba. Wapo waliouomba upesi. Wapo waliokataa muda mrefu, kwa hofu kwamba siku wakiwa raia kamili wa Armenia, dunia itasema hawana tena madai ya kurudi kwao. Mwanawe tatik ameshachukua. Tatik hajachukua, na mezani kwao jambo hilo haliguswi.

Waarmenia wenzao wanawapokeaje?

Siku za mwanzo, kwa mikono miwili. Nilisimama Goris nikigawa maji na blanketi, na niliona watu wakifungua nyumba zao kwa wasiowajua. Baadaye maneno yakaanza. Wengine wanasema "tumepoteza vijana wetu kwa ajili yenu", na makaburi ya Yerablur, hapa Yerevan, yamejaa vijana wa miaka 18 na 19. Wengine wanawalaumu viongozi waliotoka Karabakh waliotawala Armenia miaka ishirini, Robert Kocharyan na Serzh Sargsyan, kama vile bibi wa Martuni alikuwa nao barazani. Watoto wakicheka lahaja shuleni, mtoto anajifunza kuongea kama wa Yerevan. Mjukuu wa tatik ana lugha mbili sasa: ya darasani na ya jikoni.

Makanisa na makaburi yao yana hali gani?

Hawawezi kwenda kuangalia, kwa hiyo wanategemea picha za setilaiti. Zilionyesha kwamba Kanisa la Yohana Mbatizaji la Shushi, lililojulikana kama Kanisa la Kijani, lilibomolewa kati ya mwisho wa 2023 na Aprili 2024, na kijiji cha Karintak, chini ya Shushi, kimesawazishwa na ardhi. Watu wanakuza picha hizo kwenye simu wakitafuta paa la kwao. Nimeshaona mwanamume mzima akionyesha kidole kwenye nukta ya kijivu na kusema, "Hapa palikuwa na mti wa jozi."

Watarudi?

Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Novemba 17, 2023 kwamba walioondoka na wanaotaka kurudi waweze kurudi kwa usalama. Viongozi wao kadhaa wa zamani walikamatwa na kushtakiwa Baku, kesi ikianza Januari 2025, na kila familia inawaza kinachoweza kumpata mtu wa kawaida. Wakati huohuo Azerbaijan inawarejesha watu wake, na Septemba 2024 ilifungua chuo kikuu kipya palepale Stepanakert. Agosti 8, 2025, mjini Washington, mawaziri wa mambo ya nje wa Armenia na Azerbaijan waliweka saini za awali kwenye mkataba wa amani. Watu wengi wa hapa waliushangilia, kwa sababu wamechoka kuzika. Majirani zangu waliusoma wakitafuta sentensi inayowahusu, hawakuipata.

Mimi naamini mtu ana haki ya kuzikwa alipozikwa baba yake, awe Mwarmenia wa Stepanakert au Mwazeri wa Agdam. Sioni kwa nini haki ya mmoja ije kwa kumng'oa mwingine.

Kuna Waarmenia karibu na kwetu?

Walio karibu zaidi na wenye historia ndefu wako Addis Ababa. Mwaka 1924 Ras Tafari, aliyekuja kuwa Haile Selassie, alichukua kutoka Yerusalemu vijana 40 mayatima wa Kiarmenia, waliosalimika na mauaji ya kimbari ya 1915, wakawa bendi ya tarumbeta. Mkuu wao, Kevork Nalbandian, ndiye aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa wa kifalme wa Ethiopia. Hao si watu wa Artsakh, lakini ukiwaelewa hao utaelewa kwa nini Septemba 2023 Mwarmenia wa Beirut au Paris alilia kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye foleni ya magari.

Nikikutana na mtu wa Artsakh nimwambie nini?

Usianze na siasa. Muulize kijiji chake, si nchi yake. Kama unataka kusema pole, wana neno zuri kuliko yote niliyowahi kujifunza: "tsavd tanem", maana yake niuchukue mimi uchungu wako. Husemwa kwa mtoto aliyeanguka, kwa mfiwa, hata kwa mteja sokoni. Likitoka kwa mgeni, watu husimama kidogo kabla ya kujibu.

Naweza kupika jingalov hats kwetu?

Unaweza, na tatik amenipa ruhusa. Kanda unga wa ngano kwa maji na chumvi tu, usiweke hamira, uache upumzike nusu saa. Majani: mchicha, kitunguu majani kwa wingi, giligilani, mnavu mchanga ukiupata, na jani lolote lenye uchachu. Yaoshe, yakaushe kabisa kwa kitambaa, maana yakiwa na maji mkate utapasuka. Yakate vizuri, tia chumvi, mafuta kidogo na pilipili ya unga, uyachanganye dakika ya mwisho tu. Sukuma kama chapati nyembamba, jaza majani mpaka uone yamezidi, halafu ongeza kidogo. Kunja kingo mbili zikutane katikati, bana kwa vidole, geuza mshono uwe chini, bonyeza liwe bapa. Pika kwenye chuma kikavu, moto wa wastani, upande wa mshono kwanza. Likitoka madoa ya kahawia pande zote, lipake mafuta, ukalile palepale umesimama, lingali moto.